Picha ya ubongo imetoka safi, lakini bibi bado anaona watu

Mwaka jana mama mmoja alinikuta zahanati akiwa na bahasha kubwa ya kahawia, ile wanayotia picha za hospitali. Alikuwa anamuuguza mama mkwe wake mwenye miaka 74. Kwa miezi kadhaa bibi huyo alikuwa anaona watoto wadogo wamekaa kwenye kona ya chumba. Hawasemi kitu, wanamtazama tu. Siku nyingine bibi yuko vizuri kabisa, anachambua mboga, anasimulia habari za zamani, anataja majina ya wajukuu wote. Kesho yake hajui hata kijiko kinashikwaje. Familia ikauza mbuzi, ikachanga, bibi akapelekwa hospitali ya mkoa kupigwa picha ya CT. Majibu yakaandikwa kwamba ubongo umesinyaa kidogo kulingana na umri, hakuna damu, hakuna uvimbe.

"Nesi," akaniambia, "picha inasema hana kitu. Shemeji yangu anasema basi mama anajifanyisha, na jirani anasema ni mambo ya usiku. Mimi nishike lipi?"

Nataka nikujibu wewe msomaji kama nilivyomjibu yeye, ila kwa utulivu zaidi, maana siku ile foleni ya chanjo ilikuwa ndefu. Jibu fupi ni hili: picha safi haina maana kwamba mgonjwa ni mzima. Na upo ugonjwa mmoja ambao picha yake kuonekana nzuri kuliko hali ya mgonjwa ni mojawapo ya mambo yanayomfanya daktari aushuku.

Magonjwa mawili, dalili mbili tofauti

Demensia ni jina la jumla la magonjwa ya ubongo yanayoondoa kidogo kidogo kumbukumbu, uwezo wa kufikiri na uwezo wa kujihudumia. Si uzee wa kawaida, wala si ugonjwa wa nchi za baridi peke yake. Utafiti uliofanyika mwaka 2010 katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliona kwamba kati ya wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, karibu 6 walikuwa nayo.

Aina inayojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mbele ya wenzake mwaka 1906, baada ya kumfuatilia mwanamke aliyeanza kusahau na kuchanganyikiwa akiwa na miaka 50 na kidogo. Ndani ya ubongo wa mgonjwa wa aina hii hujikusanya takataka za protini za aina mbili, amiloidi na tau, na seli zinakufa. Kwa kawaida huanza na kusahau mambo ya karibuni. Mama anakuuliza kama mtoto ametoka shule, unamjibu, na baada ya dakika tano anauliza tena. Anapotea njia ya kwenda sokoni aliyoipita miaka 30.

Aina ya pili ni demensia ya vibonge vya Lewy. Lewy alikuwa daktari pia, na mwaka 1912 aliviona vibonge vidogo ndani ya seli za ubongo wa watu wenye ugonjwa wa kutetemeka, ule unaoitwa Pakinsoni. Ilichukua muda mrefu kugundua kwamba vibonge hivyo hivyo vikienea sehemu kubwa ya ubongo huleta demensia. Kenji Kosaka wa Japani aliandika habari za mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1976. Hapa kumbukumbu inaweza kuwa nzuri mwanzoni. Kinachotangulia ni kuona watu, watoto au wanyama wasiokuwepo. Akili kupanda na kushuka kama umeme wa mgawo. Kutembea kwa kuburuza miguu na mwili kukakamaa. Na jambo moja ambalo familia nyingi hazilitaji mpaka ziulizwe: kupiga mateke, ngumi na makelele usingizini, kana kwamba mtu anaiigiza ndoto yake. Hilo la usingizini linaweza kuanza miaka mingi kabla ya mengine yote.

CT inatafuta nini hasa

Watu wengi hudhani kipimo cha CT kinapigwa ili kuona "kama ana demensia". Kazi yake ya kwanza ni nyingine: kutafuta kitu kingine kinachofanana na demensia ambacho kinaweza kutibiwa. Kwa hiyo pesa ya wale mbuzi haikupotea, na ningependa shemeji alielewe hilo kabla ya mengine.

Cha kwanza ni damu iliyovuja chini ya fuvu. Ubongo wa mzee umesinyaa kidogo, kwa hiyo mishipa midogo inayoushikilia kwenye fuvu imevutika. Akijigonga kichwa mlangoni au akianguka bafuni, hata pasipo jeraha la kuonekana, mshipa unaweza kuchanika na damu ikavuja polepole kwa wiki kadhaa. Familia imeshasahau kule kuanguka. Kinachoonekana ni mzee anayesinzia sana, anayechanganyikiwa, anayelalamika kichwa, pengine mkono mmoja umelegea. Wanaotumia dawa za kuyeyusha damu wako hatarini zaidi. CT inaiona damu hiyo, daktari wa upasuaji anaitoa, na mzee anaweza kurudi kuwa yule mnayemjua. Nimeliandika kwa urefu kwa sababu ndilo ambalo kuchelewa kunaumiza zaidi. Mzee aliyeanguka kisha akabadilika asisubiri tarehe ya kliniki.

Cha pili ni maji ya ubongo kujaa kupita kiasi. Dalili zake ni tatu zinazokuja pamoja: kutembea kama miguu imegandishwa sakafuni, kushindwa kuzuia mkojo, na kusahau. Baadhi yao husaidiwa kwa mrija unaowekwa kupunguza maji. Halafu kuna uvimbe, na kuna alama za kiharusi, hata vile vidogo ambavyo mgonjwa hakujua kwamba amevipata.

Ndiyo maana daktari ataagiza pia vipimo vya damu: tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, figo, virusi vya UKIMWI, kaswende. Haya nayo huvuruga akili, na picha haiyaoni.

Kipande kidogo kando ya masikio

Sasa tuje kwenye mabadiliko ya demensia yenyewe. Hapa MRI ni bora kuliko CT, kwa sababu inatumia sumaku na kuonyesha nyama ya ubongo kwa undani zaidi, ingawa CT nzuri nayo inaweza kusema kitu.

Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kuna kipande kidogo kilichojikunja, kimoja kila upande. Madaktari wa zamani walikipa jina la farasi wa baharini kwa sababu ya umbo lake. Ndicho kinachopokea habari mpya na kuzihifadhi: nani alikuja asubuhi, umeweka wapi funguo, dawa umeshameza au bado. Katika Alzheimer, sehemu hii ni miongoni mwa zile zinazoshambuliwa mapema. Inasinyaa, na nafasi inayobaki inajaa maji. Fikiria karanga iliyokauka ndani ya ganda lake: ganda ni lile lile, ila punje imekuwa ndogo na inacheza ndani. Daktari anaweza kukipima kwa macho na kukipa namba kuanzia 0 mpaka 4. Sifuri ni kipande kilichojaa, nne ni kilichosinyaa vibaya. Baadaye ugonjwa unapoenea, na sehemu za juu na za nyuma kidogo ya ubongo zinapungua pia.

Katika demensia ya Lewy, kipande hicho hubaki kimejaa zaidi. Si kwa kila mgonjwa, na kadiri miaka inavyokwenda nacho kinaweza kupungua, lakini ukiwaweka pamoja wagonjwa wawili walio na hali mbaya sawa, mara nyingi wa Lewy ndiye mwenye picha nzuri. Mzee anaona watoto kwenye kona, hawezi kuvaa shati, na picha inasema "kulingana na umri".

Inawezekanaje? Nilimpa yule mama mfano wa nyumba. Kuna nyumba ambayo ukuta unabomoka, na mpita njia anaona. Kuna nyingine kuta ni nzima, bati ni zima, lakini nyaya za umeme ndani zimeharibika. Taa zinawaka, zinazima, zinawaka. Ukipiga picha ya nyumba kutoka nje hutaona kitu. Vibonge vya Lewy huharibu zaidi mawasiliano kati ya seli, kemikali zinazobeba ujumbe, kabla ya nyama yenyewe kupungua sana. CT na MRI vinapiga picha ya kuta.

Mwigizaji wa Marekani Robin Williams alifariki mwaka 2014. Madaktari walikuwa wamemwambia ana Pakinsoni. Mke wake aliandika baadaye kwamba alipimwa mengi, kichwa pia kikapigwa picha, na haikuonyesha tatizo. Ni baada ya kufa, ubongo ulipochunguzwa, ndipo vibonge vya Lewy vilipoonekana vimeenea kila mahali. Huyo alikuwa na pesa na hospitali nzuri. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hukugundua mapema.

Picha zinazoona nyaya

Zipo picha za aina nyingine zinazoonyesha ubongo unavyofanya kazi. Nakueleza ili ukizisikia zisikutishe, na ili uelewe kwa nini bibi anaona watu, si kwa sababu nadhani utazipata kesho.

Kipimo cha PET hutumia sukari yenye mionzi kidogo inayochomwa kwenye mshipa. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi vizuri inaila sukari hiyo na kung'aa; sehemu iliyolegea inafifia. Kwa mgonjwa wa Alzheimer hufifia pande mbili, juu na nyuma ya masikio, na katikati kwa nyuma. Kwa mgonjwa wa Lewy hufifia hasa kisogoni, na kisogoni ndiko ubongo unakotafsiri yale ambayo macho yameona. Macho yanaleta kivuli cha nguo iliyotundikwa mlangoni, na mtafsiri aliyechoka anasema: mtu amesimama. Bibi hadanganyi. Kwake yule mtu yupo, kama wewe unavyoniona mimi. Wakati mwingine katikati ya sehemu zilizofifia hubaki eneo dogo linalong'aa, na madaktari wamelipa jina la kisiwa. Wakiliona wanaelekea kwenye Lewy zaidi.

Kipimo kingine, kinachoitwa DaT, huangalia kemikali ya dopamini, ile inayosaidia mwili kujongea kwa wepesi. Kwa mtu mzima au mwenye Alzheimer, picha huonyesha alama mbili zilizopinda, kama alama mbili za mkato zinazotazamana. Kwa mwenye Lewy mikia ya alama hizo inapotea, zinabaki kama nukta mbili. Katika picha zote hii ndiyo rahisi zaidi kuielewa hata kwa sisi ambao si wataalamu wa mionzi.

Na kuna kipimo ambacho hupigwa kifuani kabisa. Vibonge vya Lewy huharibu pia neva zinazokwenda kwenye moyo, hivyo moyo hauipokei dawa ya mionzi kama inavyotakiwa. Swali la ubongo, jibu kifuani! Niliposoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuchapa.

Kipimo cha PET kinachotafuta amiloidi kina mtego wake. Kikionyesha amiloidi, haina maana kwamba si Lewy, kwa sababu wagonjwa wengi wa Lewy wana amiloidi pia. Hata wazee wasio na dalili yoyote wanaweza kuwa nayo. Na wengi wana magonjwa yote mawili kwa pamoja, hasa wakiwa na umri mkubwa. Hapo daktari anaposema "yamkini" usimwone hajui kazi. Anasema kweli.

Mashine hizi katika nchi zetu ni chache, nyingi ziko miji mikubwa, na zilizopo zina kazi ya wagonjwa wa saratani. Ukiniuliza kama uuze shamba umpeleke mzee nje ya nchi kwa ajili ya PET, nitakuambia usiuze. Hakuna dawa inayoponya ugonjwa wowote kati ya haya mawili. Dawa kama donepezil na rivastigmine hutumika kwa wote, na huwasaidia baadhi, pengine wa Lewy zaidi. Kama una ndugu Marekani au Uingereza amekutumia habari za dawa mpya ya sindano inayoondoa amiloidi, ni kweli ipo. Lecanemab iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023. Ni kwa walio mwanzoni kabisa mwa Alzheimer, lazima kwanza ithibitishwe kwamba amiloidi ipo, na mgonjwa hupigwa MRI mara kwa mara kwa sababu inaweza kuvimbisha ubongo au kuutoa damu. Kwa mgonjwa wa Lewy haikutengenezwa.

Kwa nini tujisumbue kutofautisha

Kama hakuna tiba, kwa nini tusiseme tu ni demensia tukaishia hapo? Kwa sababu ya sindano moja.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilikuwa zamu katika kituo kimoja. Usiku waliletwa baba mzee na binti yake. Mzee alikuwa anapiga kelele kwamba kuna mbwa chini ya kitanda. Tulimchoma haloperidol, dawa ya kutuliza iliyopo karibu kila mahali, kama tulivyofundishwa kumfanyia mtu anayechafuka. Asubuhi alikuwa amekakamaa kama ubao. Hakuweza kumeza uji wala kugeuka. Ilichukua siku nyingi kabla ya kukaa tena, na kutembea hakutembea kama zamani. Binti yake aliniuliza, "Mlimpa nini baba?" Nilikuwa na jina la dawa, sikuwa na maelezo. Maelezo niliyapata baadaye: mgonjwa wa Lewy ana dopamini kidogo, na dawa hizo huifunga hiyo kidogo iliyobaki. Wengine hupoteza maisha.

Kwa hiyo kama unashuku Lewy, hata kabla picha yoyote haijapigwa, andika juu ya kadi ya kliniki kwa herufi kubwa: "ANASHUKIWA DEMENSIA YA LEWY. ASIPEWE HALOPERIDOL." Ile nyingine ambayo wengi huijua kwa jina la Largactil ni hivyo hivyo. Mwambie kila anayemlinda mgonjwa, hata kijana wa nyumbani, kwa sababu siku ya kukimbilia hospitali usiku pengine hutakuwepo. Muuguzi akisema ni lazima atulizwe, mwombe kwa heshima amwite daktari kwanza. Akiwa ameshachomwa na unaona anakakamaa, ana homa, anasinzia bila kuamka au hamezi, hiyo ni dharura. Dawa nyingine za mafua, mzio na usingizi nazo huwavuruga wagonjwa hawa, kwa hiyo usinunue dukani bila kuuliza.

Ila usimwachishe ghafla dawa ambayo daktari amempa na anaitumia kila siku. Rudi kwake mzungumze.

Unachokiona wewe ambacho mashine haikioni

Daktari anakutana na mzee dakika 15. Mashine ya CT inakutana naye chini ya hapo. Wewe unamwogesha, unamlisha, unalala ukuta wa pili. Katika kutambua Lewy, maelezo ya anayeishi na mgonjwa yana uzito kuliko picha nyingi nilizozitaja.

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andika siku nzuri na siku mbaya, na ni saa ngapi. Andika alichokiona: watu, watoto, paka, wadudu? Kilimtisha au alikuwa anakizoea? Andika kila alipoanguka, hata kama hakuumia, na alipozimia. Muulize baba mkwe, kama yupo, bibi alikuwa analalaje miaka ya nyuma. Yule mama wa bahasha alipouliza, mzee alicheka akasema, "Huyu? Alinivunja jino kabla ya mjukuu wa kwanza kuzaliwa, alikuwa anafukuza nyani ndotoni." Sentensi hiyo moja daktari aliiandika kwenye faili. Kama una simu ya kamera, rekodi namna anavyotembea kutoka mlangoni hadi kitandani, na namna anavyokuwa siku mbaya. Wagonjwa wa Lewy wana tabia ya kuwa wazima mbele ya daktari, halafu unaonekana wewe ndiye mwenye matatizo.

Tahadhari moja hapa. Kama maruweruwe au kuchanganyikiwa kumekuja ndani ya siku chache, usifikirie Lewy kwanza. Fikiria malaria, UTI, nimonia, upungufu wa maji, choo kilichofunga, au dawa mpya. Mpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Na mzee mwenye mtoto wa jicho asiyeona vizuri naye anaweza kuona vitu visivyokuwepo huku akili yake ni timamu, kwa hiyo macho yapimwe pia.

Kuhusu jirani na mambo yake ya usiku. Bibi anayeongea na watu wasioonekana, anayetembea gizani, anayepiga kelele usingizini, anaweza kuitwa mchawi, na tunajua katika nchi hii akina bibi wameuawa kwa neno hilo. Lisiruke. Waite wanafamilia, mwite mjumbe au kiongozi wa dini anayeaminika, waeleze kwamba ni ugonjwa wa ubongo wenye jina, kama kiharusi kilivyo na jina. Nikiombwa huwa naenda kuzungumza, na wauguzi wengi wa jamii wataenda ukiwaomba.

Akiona watoto, usibishane naye wala usiseme na wewe unawaona. Sema, "Mimi siwaoni mama, lakini niko hapa, hawatakudhuru." Washa taa, ondoa nguo iliyotundikwa, funika kioo. Kama hawamtishi, waache wakae.

Siku ya kupigwa picha

CT ni ya dakika chache. MRI inachukua karibu nusu saa au zaidi, ndani ya tundu lenye kelele kama za mtu anayegonga bati, na asipolala tuli picha inaharibika. Mweleze mapema, mchague wakati wa siku ambao huwa yuko vizuri, na uliza kama unaweza kukaa naye chumbani. Vua hereni, pini, shanga, na meno ya bandia yanayotoka. Sema kama ana chuma mwilini au kifaa cha moyo, maana kwenye MRI hilo ni hatari. Wakitaka kumpa dawa ya kumtuliza, waonyeshe ile kadi.

Majibu yakitoka usikubali kupewa bahasha tu. Uliza kwa Kiswahili: kuna damu, maji au alama za kiharusi? Ile sehemu ya kumbukumbu kando ya masikio imesinyaa kiasi gani? Inalingana na hali yake ya nyumbani? Swali la mwisho ndilo lililomfanya daktari wa hospitali ya rufaa aisome upya picha ya bibi yetu pamoja na daftari, na akaandika: yamkini Lewy.

Ukija kliniki njoo na bahasha na daftari, vyote viwili. Na kama kuna anayelala chumba kimoja na mgonjwa, hata awe mjukuu wa miaka 12, njoo naye.